Kidirisha cha Vioo vya Rangi Nyumbani Lanet: Anza na Jua

Hyrax Hill iko kando ya barabara kuu ya Nairobi, karibu tu na Lanet ukielekea Nakuru mjini. Mwanaakiolojia Mary Leakey alipochimbua hapo mwaka 1937, alikuta vifaa vya obsidiani, kile kioo cheusi kinachozaliwa lava ya volkano inapopoa haraka. Wakazi wa kale wa Bonde la Ufa walikipasua kikatoa makali ya kuchunia ngozi na kukatia nyama. Kusini mwa bonde hilihili, Ziwa Magadi hutoa magadi ambayo viwanda vya kioo huyachanganya na mchanga ili uyeyuke kwa joto dogo zaidi. Kampuni ya kuyachimba ilianzishwa mwaka 1911. Kioo si mgeni kwetu. Ambacho hakijatufikia ni maelezo ya kukifanyia kazi ya urembo nyumbani, yaliyoandikwa kwa nyumba zetu, maduka yetu na jua letu.

Vitabu vingi vya ufundi huu vimeandikwa Ulaya na Marekani. Vinamtuma msomaji duka lenye bamba za kioo za rangi mia, kisha vinamwambia aweke kazi yake kwenye dirisha linalotazama kusini. Hapa Lanet ushauri huo wa pili ni wa kupotosha. Ndiyo maana makala haya yanaanza na dirisha, kabla ya kugusa kikatio.

Kwanza, tunazungumzia nini? Ni kipande cha dirisha, au pambo la kuning'iniza dirishani, lililoundwa kwa vipande vya kioo cha rangi vilivyoshikanishwa kwa metali. Wengi wameyaona makanisani, kama Holy Family Basilica na All Saints jijini Nairobi. Aliyetembea Mji Mkongwe wa Zanzibar ameona vioo vya rangi juu ya milango na kwenye roshani za nyumba za zamani. Na huko Kitengela, nyuma ya mbuga ya Nairobi, msanii Nani Croze alijenga karakana ambayo imekuza ufundi huu nchini kwa miongo mingi. Mwanawe Anselm aliendeleza upande wa kuyeyusha kioo, na malighafi yao kubwa ni vioo vya madirisha vilivyotupwa. Ukipata nafasi ya kwenda, nenda. Saa moja ya kutazama mikono ya fundi itakufunza mengi.

Njia nitakayoeleza ni ya utepe wa shaba: kila kipande huzungushiwa utepe mwembamba wa shaba wenye gundi, kisha vipande huunganishwa kwa lehemu. Karakana ya Louis Comfort Tiffany kule Marekani ndiyo iliyoifanya maarufu mwishoni mwa karne ya 19, kwa taa zake za mezani. Njia ya zamani zaidi, ya makanisa, hutumia fito za risasi. Kwa kazi ya nyumbani naipendelea shaba bila kusita, na sababu utaiona tutakapofika kwenye risasi.

Jua la Lanet

Lanet iko kusini mwa ikweta kwa sehemu ndogo tu, takriban thuluthi moja ya digrii. Jua huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, hupanda moja kwa moja, na saa sita mchana huwa juu ya paa. Dirisha linalotazama mashariki hupata mwanga wa kulala kuanzia macheo hadi kama saa tatu, na huo ndio mwanga unaopita kwenye kioo ukamwaga rangi sakafuni. Dirisha la magharibi hupata zawadi hiyohiyo kuanzia saa kumi jioni. La kaskazini huguswa na jua kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Septemba, lakini hata Juni jua la mchana huwa juu sana, kiasi cha nyuzi 66 kutoka upeo wa macho, hivyo mabati yaliyochomoza nje ya ukuta hulizuia. La kusini ni vivyo hivyo, ila zamu yake ni Septemba hadi Machi.

Kwa hiyo, kama unataka rangi zitembee ukutani asubuhi ukinywa chai, chagua mashariki. Kama familia hukusanyika sebuleni jioni, chagua magharibi. Madirisha ya kaskazini na kusini hayafai kwa miale, lakini yanafaa sana kwa mwanga mtulivu wa siku nzima: bafuni, kwenye ngazi, au jikoni juu ya sinki.

Kisha tazama kilicho nyuma ya dirisha. Hili watu hulisahau. Kioo cha rangi huonekana kwa mwanga unaokipitia, kwa hiyo kinachukua sura ya kilicho nje. Nyumba nyingi za Lanet na mitaa jirani ya Free Area na Pipeline zimejengwa karibu karibu, na dirisha la chumba hutazama ukuta wa jirani hatua chache tu. Kioo cha buluu nzito mbele ya ukuta wa mawe kitaonekana cheusi. Hapo tumia rangi nyepesi: manjano, kijani kibichi, kioo cheupe chenye mauamaua. Dirisha linalotazama anga tupu ndilo linalobeba rangi nzito, na kwa ukali wa mwanga wetu rangi nzito hupendeza huko kuliko nyepesi, ambazo hufifia machoni adhuhuri. Chukua kipande cha kila kioo unachofikiria kutumia, kibandike dirishani kwa mkanda, ukitazame asubuhi, adhuhuri na jioni kabla ya kuamua. Usiku mambo hugeuka: taa ikiwaka ndani, anayepita nje ndiye anayefaidi.

Usizibe sehemu ya dirisha inayofunguka. Chumba kinahitaji hewa kuliko kinavyohitaji urembo, hasa palipo na jiko la makaa.

Kioo utakipata wapi

Anza kwa mafundi wa vioo vya madirisha mjini Nakuru. Kila anayekata vioo ana pipa au kona ya mabaki, na mengi hayamfai kwa lolote. Omba kioo cha milimita 3. Cha milimita 5 au 6 ni kigumu kukata kwa mkono ambao haujazoea, na ni kizito. Utakuta kioo cheupe, kioo chenye mauamaua au mistari kinachowekwa bafuni, na vioo vilivyotiwa rangi kiwandani: kahawia, kijivu, kijani na buluu. Usidharau kioo cheupe chenye mauamaua. Jua likikipitia hucheza kama maji, na ukiweka vipande vichache vya rangi katikati yake vitang'aa kuliko kidirisha kilichojazwa rangi pembe zote.

Chupa ni hazina ya pili. Kahawia ya chupa za bia hutokana na chuma, salfa na kaboni vilivyokutana katika tanuru. Kijani cha chupa za mvinyo mara nyingi ni kromiamu. Buluu nzito ni kobalti. Chupa imejipinda, lakini kipande kidogo, cha ukubwa wa sarafu, hakipindi kiasi cha kusumbua, na chupa za mraba zina pande zilizo bapa. Kukata chupa ni kazi ya grainda yenye diski ya almasi, ikimwagiwa maji muda wote. Mpe fundi wa vigae akukatie. Njia ya kuichoma chupa kwa uzi na mafuta kisha kuitumbukiza kwenye maji baridi inaenea sana kwa sababu inapendeza kuitazama. Iache. Inapasua chupa popote inapotaka, na moto huo hauna faida yoyote ambayo diski haikupi.

Nyekundu ndiyo rangi adimu. Kioo chekundu halisi hutiwa dhahabu, shaba au seleniamu, na si rahisi kukipata kwenye mabaki ya madirisha. Wengi hujaribu rangi za kupaka juu ya kioo au karatasi za plastiki za kubandika. Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na jua lake ni kali. Rangi hizo hupauka. Ni afadhali uchore muundo usiohitaji nyekundu, au utumie kipande kimoja tu kutoka kwenye bilauri au sahani iliyovunjika ambayo kioo chenyewe ni chekundu hadi ndani.

Jambo moja la kukuokolea muda: vioo vya madirisha ya pembeni ya magari na milango ya kioo ya bafu vimekazwa kwa joto. Havikatiki. Ukijaribu kuvikata hulipuka vikawa punje. Kioo cha mbele cha gari nacho ni tabaka mbili zenye plastiki katikati. Gereji zitakupa bure, usichukue.

Kuchora na kukata

Kidirisha cha kwanza kisizidi sentimita 30 kwa 40, na vipande visizidi ishirini. Kioo cha milimita 3 huwa na uzito wa kilo 7.5 kwa mita ya mraba, kwa hiyo kidirisha hicho kitakuwa na kilo moja hivi pamoja na lehemu. Uzito huo unaning'inika vizuri kwenye grili.

Chora muundo kwa ukubwa wake kamili kwenye karatasi ya kaki. Umbo lolote lililo jirani linafaa: flamingo wa Ziwa Nakuru, taswira ya migunga ya manjano, jani la mgomba, pembetatu za kawaida tu. Epuka ncha nyembamba kama sindano, kwa sababu huvunjika. Epuka mstari mmoja ulionyooka kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Kidirisha kitajikunja hapo kana kwamba kina bawaba. Na epuka kipande kilichobonyea ndani sana, mfano wa mwezi mchanga: kioo hakipendi kukatwa hivyo. Kipande cha namna hiyo kigawe kiwe viwili.

Pitia mistari yote kwa kalamu nene, yenye alama ya milimita moja hadi moja na nusu. Vipe vipande namba, nakili mchoro, kisha kata nakala moja ukiondoa unene wote wa mstari. Nafasi hiyo ndiyo makao ya utepe na lehemu. Asiyeiacha hugundua mwishoni kwamba kidirisha kimekuwa kikubwa kuliko fremu.

Sasa kikatio. Kile chenye kigurudumu kidogo cha chuma hupatikana katika maduka ya vifaa vya ujenzi. Kichovye kwenye mafuta ya taa kila baada ya mistari michache. Weka kioo juu ya gazeti lililokunjwa au kipande cha zulia, upande laini ukitazama juu kama kioo kina mauamaua. Vaa miwani ya kinga. Hili halina mjadala. Shika kikatio kikiwa wima, anza kwenye ukingo, usukume au uvute kwa nguvu ile ile moja kwa moja hadi ukingo wa pili. Usisimame katikati. Sikiliza: sauti inayofaa ni ya mkwaruzo mwembamba usiokatika. Kukiwa kimya, hujakandamiza vya kutosha. Kikitoa unga mweupe na vijipande vikiruka, umezidisha. Wala usirudie mstari mara ya pili, kwa sababu kinachokata kioo si kina cha mstari, ni ufa mdogo unaozaliwa chini yake, na ukiupitia tena unauvuruga na kuharibu kigurudumu.

Kisha vunja mara moja, usiache mstari ukae. Shika kioo pande zote mbili za mstari, vidole gumba juu, ngumi chini, ukunje kwa kwenda chini na nje. Kwa kipande chembamba tumia koleo lenye mdomo bapa. Kwa mstari uliopinda, gonga kwa upole upande wa chini kufuata mkwaruzo hadi uone ufa ukitembea. Mpindo wa ndani hukatwa kidogo kidogo, kwa mistari kadhaa inayoukaribia, ukitoa vipande vyembamba kimoja kimoja. Fanya mazoezi kwa kioo cheupe cha mabaki mpaka mkono utulie. Hakuna hatua nyingine katika kazi hii inayostahili uvumilivu mwingi kiasi hiki. Kidirisha kilichokatwa vizuri hujilehemu chenyewe, na kilichokatwa vibaya hakuna lehemu ya kukificha.

Kingo zisugue kwa jiwe la kunolea lililolowa. Daima liwe limelowa, kwa kuwa vumbi la kioo kikavu huumiza mapafu. Meza ifute kwa kitambaa chenye maji, usiipulize wala usiifagie.

Utepe wa shaba wenye gundi, wa upana wa milimita 5 au 6, huagizwa mtandaoni au hupatikana kwa wauzaji wa vifaa vya elektroniki. Osha vipande kwa sabuni, vikaushe kabisa, mafuta ya vidole yasibaki. Zungusha utepe ukingoni, ukiacha kiasi sawa pande zote mbili, upandane kidogo mwisho unapokutana na mwanzo, kisha ukunje na kuukandamiza kwa mgongo wa kalamu ya plastiki hadi ung'ang'anie. Kazi hii watoto wakubwa wanaiweza vizuri, na wanaipenda. Hatua inayofuata si yao.

Lehemu, na risasi

Waya wa lehemu unaouzwa sana kwa mafundi wa redio una bati asilimia 60 na risasi asilimia 40. Huyeyuka kwa nyuzi joto 190 hivi na hutiririka vizuri. Upo pia usio na risasi, wa bati na shaba kidogo, unaoyeyuka karibu nyuzi 227. Huo wa pili unahitaji chuma cha kulehemu chenye nguvu zaidi, wati 80 au 100, na mstari wake hauwi laini kama ule wa kwanza. Nakuomba utumie huo wa pili. Kwenye nyumba yenye mtoto mdogo au mama mjamzito, usitumie mwingine.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo hufyonza mara nne hadi tano ya kile ambacho mtu mzima hufyonza kutoka kwenye kiasi kilekile, na madhara kwenye ubongo hayarudi nyuma. Kenya tunalo somo letu wenyewe. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kiliwasumisha wakazi. Phyllis Omido, aliyefanya kazi hapo na mwanawe akapata sumu hiyo, aliongoza mapambano yaliyomletea tuzo ya Goldman mwaka 2015. Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, na Mahakama ya Juu ikaurejesha uamuzi huo Desemba 2024 baada ya Mahakama ya Rufani kuutengua.

Ninalitaja kwa sababu mtu mwenye bidii anaweza kufikiri: betri ya gari iliyokufa ina risasi, kwa nini nisiiyeyushe nikatengeneza fito zangu mwenyewe kama za makanisani? Tafadhali, usifanye hivyo. Si uani, si kwa kuni, si hata mara moja. Vumbi na moshi wake hukaa kwenye udongo ambao kuku wanadonoa na watoto wanachezea.

Katika joto la kawaida la kulehemu, risasi haigeuki kuwa moshi wa kutisha. Moshi unaouona ni wa flaksi, dawa inayosaidia lehemu kushika, na unawasha macho na kifua. Risasi huingia mwilini kwa njia ya mikono: umeshika waya, umeshika mkate. Kwa hiyo fanyia kazi barazani palipo na upepo, usile wala kunywa hapo, nawa kwa sabuni ukimaliza, na nguo za kazi zifuliwe peke yake. Meza ya chakula isitumike.

Kazi yenyewe ni hii. Panga vipande juu ya mchoro, vizuie kwa misumari midogo pembeni. Paka flaksi ya maji kwa brashi. Yeyusha tone la lehemu kila makutano ili vipande vishikane, halafu pitisha lehemu kwenye kila mstari hadi uvimbe kidogo. Usikawize chuma mahali pamoja. Kioo kitapasuka kwa joto la upande mmoja. Geuza kidirisha kwa kukitegemeza na ubao, ufanye upande wa pili, kisha kingo. Waya wenye dawa hiyo ndani yake hufanya kazi ukikosa flaksi ya maji, ila huacha utando unaonata ambao utauondoa kwa spiriti. Mwisho osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni siku hiyohiyo. Flaksi ikibaki usiku kucha huifanya shaba kuwa ya kijani.

Kukitundika

Mpangaji asiguse kioo cha mwenye nyumba. Zungusha waya wa shaba uliopakwa lehemu kwenye ukingo mzima wa kidirisha, ukunje vitanzi viwili juu palipo na mistari ya lehemu inayoteremka, na uning'inize kwa mnyororo mwembamba kwenye grili. Kitanzi kilichobandikwa kwenye utepe mtupu wa ukingoni kitang'oka siku moja na kuondoka nao. Ikiwa nyumba iko kando ya barabara kuu, ambako malori hutikisa madirisha usiku kucha, weka vijipande vya mpira nyuma ili kidirisha kisigongane na chuma.

Aliye na nyumba yake anaweza kumpa fundi wa alumini vipimo amtengenezee fremu, kidirisha kikae ndani yake kwa silikoni. Alumini haishiki lehemu, usijaribu. Kikiwekwa mahali pa kioo cha kawaida kwenye dirisha la chuma, ongeza kioo cheupe upande wa nje. Vumbi la Januari na Februari, na mvua ya upepo, vitaishia hapo.

Anayejenga sasa ana chaguo lisilohitaji lehemu hata kidogo: vitako vya chupa vilivyokatwa, viwili viwili vikiunganishwa kwa mkanda mdomo kwa mdomo, na kujengwa kwenye simiti katika ukuta usiobeba paa. Acha angalau sentimita mbili za simiti kati ya chupa na chupa, umwagilie ukuta maji kwa wiki nzima ukauke polepole, na ufute vitako kabla simiti haijaganda. Ukuta wa bafu unaotazama mashariki ndio unaofaa zaidi.

Mabaki ya kioo yafunge kwenye gazeti nene, uyaweke ndani ya mkebe wenye kifuniko na kuuandika kwa nje, kwa sababu kuna mtu atakayeshika takataka hizo kwa mikono mitupu. Vipande vya lehemu yenye risasi viweke kando kwenye kopo lake, umpelekee mnunuzi wa vyuma chakavu. Visitupwe shambani wala kwenye shimo la taka la uani.